Hodi Tatu kwa Magdalena

Mimi sina ugomvi na sanaa. Ninachokikataa ni nyumba inayomkaribisha mtu ambaye hakupiga hodi. Na nyumba ya namna hiyo aliijenga Innocent, mtoto wa marehemu dada yangu Magdalena.

Alipanda mlimani kuja kwangu mwezi wa sita, akanikuta napalilia karoti. Akaniamkia, akakaa kwenye ukingo wa tuta na viatu vyake vya mjini.

"Mama mdogo, nimejenga jiko la mama."

"Wapi tena?"

"Mazimbu, huko mjini. Ndani ya ukumbi."

"Jiko ndani ya ukumbi! Moshi utatokea wapi?"

Akacheka. "Halina moshi. Ni sanaa. Mtu akiingia, jiko linamwitikia. Moto unawaka wenyewe, na mama anamkaribisha."

Nikaacha jembe. "Mama yupi?"

"Mama. Nilimrekodi kwenye simu alipokuwa anaumwa."

Jamani, nikakaa chini pale pale tutani. Maana ukweli ni huu, na kijiji kizima kinaujua: mimi na Magdalena hatukusemeshana miaka miwili. Alifungulia maji ya mfereji siku ya zamu yangu, kabichi zangu zikanyauka, nami nikamtolea maneno ambayo mtu hamwambii aliyemtangulia kunyonya ziwa la mama yake. Tangu siku ile nikawa napita mbele ya nyumba yake kila Jumapili nikienda misa, shingo nimeikaza. Hodi sikupiga. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi kwenye kapu hatukufika. Nilikwenda kumzika, ndiyo, ila msibani mlango uko wazi na watu wanaingia tu. Hakuna hodi, hakuna karibu.

Kwa hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: dada yangu aniambie karibu. Hata kwa mashine.

Jumamosi nikavaa kitenge cha Pasaka, nikafunga peasi kwenye kanga, maana hakuendwi mikono mitupu, nikateremka mjini.

Weee! Yule mtoto ana mikono. Alikuwa amejenga ukuta wa udongo wenyewe, wenye alama za vidole. Ndani niliona mafiga matatu, kigoda cha Magdalena kilichopasuka mguu, na kiroba kimetundikwa msumarini. Kiroba kile nilikijua. Tulipokuwa wasichana tulitia karoti humo, tukakizamisha kijitoni, tukawa tunazikanyagakanyaga mpaka udongo uishe, zitoke nyekundu. Maji ya milimani yanauma hadi kwenye meno. Tukirudi, Magdalena alinikalisha mimi kwanza motoni, akanifukia miguu kwa majivu ya uvuguvugu, yeye akasubiri akitetemeka. Kila siku mimi kwanza. Leo hii nikisikia baridi vidoleni namkumbuka.

Mbele yangu walikuwepo wasichana wa shule kutoka Kilakala. Wakaingia moja kwa moja, puu, wanachekelea. Moto ukawaka kwenye mafiga, mwekundu, ukapanda kadiri walivyosogea. Na sauti ya dada yangu ikatoka, ile ile yenye mkwaruzo kidogo: "Karibu. Pita, kaa." Wasichana wakapiga kelele, wakarusha mikono, moto ukaruka nao. Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikangoja watoke, nikitaka kuwa peke yangu na dada.

Walipotoka nikasogea. Kwetu nyumba zimepandana mlimani, na hodi ina hatua zake: ya kwanza unaipiga migombani, ya pili uani, ya tatu mlangoni. Ya tatu ikikosa jibu, unageuza. Hata awe mama yako mzazi, hukanyagi ndani.

"Hodi," nikasema nikiwa mbali.

Kimya.

Nikasogea. "Hodi, dada."

Kimya, na mafiga meusi tii.

Nikafika kizingitini. "Hodi, Magdalena. Ni mimi."

Hakuna kitu. Loo! Wasichana asiowajua, waliovamia kama mbuzi shambani, amewaambia pita, kaa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja, kimya. Nikajiambia, haya Winfrida, umejibiwa. Nikakumbatia peasi zangu, nikatoka nje nalia waziwazi, watu wananitazama, na wanitazame.

Innocent alinikuta getini akihema. "Mama mdogo! Mbona hukuingia?"

"Nimepiga hodi tatu. Mama yako amekataa."

"Hakukataa! Kuna waya chini ya mkeka. Ni lazima ukanyage ndani ndipo jiko likujue."

"Nikanyage kabla sijaitikiwa? Nani kakulea wewe?"

Nilimsema, nakwambia. Nikamwambia amejenga mafiga, kajenga kigoda, kasahau mlango. Mama yake hakuwahi kumwingiza mtu asiyepiga hodi, hata paroko. Hasira zikaniisha nikiwa katikati ya maneno, ukabaki uchungu mtupu. "Miaka miwili sikumpigia hodi, mwanangu. Leo nimepiga, na ndicho kilichonileta."

Alinitazama kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha mahali. Kisha akaniambia, "Mama mdogo, nakuomba ukae hapa unywe chai. Usiondoke. Tafadhali."

Nikakaa. Nilikunywa vikombe viwili vya chai ya mama muuza chapati, nikimwona Innocent kupitia mlangoni, amepiga magoti, anang'oa waya kwenye mkeka, anafunga kipaza sauti cha kusikia hodi pembeni ya mlango. Mara akavaa vile vya masikioni, akabonyeza kompyuta yake, akasikiliza. Nikamwona anafuta pua kwa mkono wa shati. Mwishowe akaniita. "Anza mwanzo. Kama nyumbani."

Nikaanza mwanzo. Hodi ya kwanza niliipiga mbali, ukumbi ukanyamaza. Ya pili vilevile, nami nikatamani kurudi. Ya tatu nikaipigia kizingitini.

Moto ukawaka.

"Karibu," akasema Magdalena. Kisha akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mwisho nisichokuwepo kukisikia. "Winfrida, ni wewe?"

Mama yangu! Nilishika mlango wa udongo kwa mikono miwili. Nikamgeukia Innocent, nikidhani ananichezea.

"Ndivyo alivyosema, mama mdogo. Kila aliyepiga hodi, alimuuliza hivyo. Jirani, nesi, hata mimi. Ile ya mwanzo nilikata hapo kwenye jina, nikiona wageni hawatamjua Winfrida ni nani." Akainamisha kichwa. "Nilipaswa kukuambia zamani. Niliogopa ungeumia."

Niliumia, siwezi kudanganya. Kumbe zile Jumapili zote nilizokaza shingo, mwenzangu alikuwa ndani ametega sikio. Hatua kumi tu kutoka barabarani. Nilijitukana kwa Kiluguru, maneno yote ninayoyajua.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Nimechelewa."

Nikavua viatu, nikaingia. Nikaweka peasi kando ya mafiga, nikakaa kwenye kigoda, miguu nikaielekeza kwenye ule moto usio na joto. Innocent akatuacha. Sijui nilikaa muda gani. Nilimweleza habari za mfereji, kwamba siku hizi tumetia mabomba na zamu hakuna tena, na kwamba zile kabichi hata sikumbuki zilikuwa ngapi.

Nje nikasikia vicheko. Wageni wengine walikuwa wamefika, na Innocent anawaelekeza wapige hodi kwanza, mara tatu, tena kwa adabu. Mmoja akapiga mbili za mbali, akasogea mpaka kizingitini, msichana mwembamba mwenye aibu.

"Hodi," akasema.

Moto ukapanda. "Karibu," akasema dada yangu. "Winfrida, ni wewe?"

Yule binti akageuka kumtazama Innocent.

"Huyo siye, dada," nikamjibia kutoka kwenye kigoda. "Mimi nimeshaingia."