Msitie Udongo Kwenye Bidoni za Ineza

Nawaandikia ninyi akina mama mliosikia habari za nyanya za binti yangu na sasa mnataka kujaribu nyumbani. Jaribuni. Lakini kwanza someni jinsi nilivyokaribia kumharibia mwanangu kazi yake, kwa mikono yangu hii, nikidhani namsaidia.

Shamba letu liko Kizuka. Wazazi wangu walilikimbia wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili, wakavuka mpaka, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Nimekulia Katumba, Tanzania, nikazalia huko, na tuliporudi tulikuta familia nyingine imejenga juu yake. Tulikaa vikao mpaka nikachoka kukaa, mwisho likakatwa nusu kwa nusu. Hiyo nusu yetu naijua hatua kwa hatua. Kwa hiyo mtaelewa nilivyoumia Ineza aliponiambia udongo wake ni mgonjwa.

Alikuwa amepanda nyanya humo misimu miwili. Zinaota vizuri, zinafika magotini, zinaanza kutoa maua. Halafu siku moja saa sita mchana unakuta mche umelala kama umemwagiwa maji ya moto, na majani bado ni ya kijani. Siku tatu, umekufa. Kesho yake, jirani yake.

"Ugonjwa umo ndani ya udongo, Mama," alisema. "Utakaa humo miaka."

"Udongo wa babu yako una ugonjwa?"

"Ugonjwa haujui ni wa babu ya nani."

Ineza ana diplomu ya kilimo, A2, ile ya sekondari, na ana mdomo pia. Akasema atapanda nyanya pasipo udongo kabisa. Nilicheka. Yeye akaenda kwenye vinu vya kukamulia mawese, akarudi na magunia ya makapi, zile nyuzi zinazobaki mafuta yakishatoka. Sisi tunawashia moto. Yeye aliyaloweka, akayarundika, akayafunika kwa majani ya migomba, na kila baada ya siku chache akayageuza kwa uma. Rundo lilikuwa la moto mpaka huwezi kuacha mkono ndani. Wiki nane! Mzigo wa kwanza alikuwa ameutumia baada ya wiki mbili tu, ukiwa bado unanuka mafuta, na miche yote ikageuka njano. Msiwe na haraka hapo. Makapi yakiiva yanakuwa meusi, hayapati moto tena, na yananuka kama msitu baada ya mvua.

Kisha pumba za mpunga. Anazichoma polepole mpaka ziwe nyeusi kama mkaa, anazizima kwa maji kabla hazijawa jivu. Kisha maganda ya mise, zile kokwa za mchikichi, yaliyopondwa kama kokoto ndogo ili maji yapite. Ndoo tatu za makapi, ndoo mbili za pumba, ndoo moja ya maganda. Ukikamata konzi moja na kuminya, lidondoke tone moja au mawili, basi. Likitiririka, umezidisha maji. Huo mchanganyiko aliujaza kwenye bidoni, yale madumu ya mafuta, zilizokatwa juu na kutobolewa chini. Bidoni arobaini, safu nne, uani kwetu. Chakula chake ni maji ya samadi ya mbuzi iliyooza na kuchujwa.

Mama Généreuse, rais wa asosiasio yetu ya wanawake, yeye ni mtu wa Uvira na Kiswahili chake ni cha huko, alikuja kutazama.

"Mama Ineza, huyu mutoto iko anapanda nyanya ama iko anapanga kuni?"

"Muulize mwenyewe."

"Ineza, weye! Na muhogo utapanda ndani ya nini? Ndani ya sufuria?"

"Sufuria ya kwako, Mama Généreuse, kama hauitumii," Ineza akajibu, na yule mama akacheka akampiga begani.

Lakini hakuja kwa mchezo tu. Asosiasio ilikuwa na sere, ile nyumba ya plastiki ya kulimia ndani, tuliyopewa na mradi mmoja wa kilimo. Miaka miwili ilikuwa tupu, maana kila tulichopanda chini mle kilinyauka. Bwana Pontiani, agronomu, yaani bwana shamba wa mradi, alikuwa amesema wazi mbele yetu sote: bidoni za Ineza zikifika kwenye matunda zikiwa nzima, sere itajazwa mchanganyiko wake na yeye ndiye ataisimamia. Zikifa, plastiki itang'olewa ipelekwe kwa kikundi kingine. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wanamtegemea mtoto wa miaka ishirini na nne. Mimi usingizi ulinipotea.

Basi ikafika Jumapili moja. Ineza alikwenda kanisani kuimba kwaya, mimi goti liliniuma nikabaki. Nikakaa uani natazama ile miche. Niliiona myembamba. Nikasema moyoni, hivi viumbe vinasimama juu ya takataka za kinu. Tuliporudi kutoka Tanzania, siku ya kwanza ya kupanda, kila mtu wa nyumba yetu alitia konzi moja ya udongo wa Kizuka kwenye shimo kwa mkono wake, hata wachanga tuliwafungua viganja. Ndivyo mama yangu alivyotaka, na mihogo ile ilitulisha. Na hii miche haijapewa hata konzi moja. Ilikuwa kama mtoto ambaye hajaoneshwa kwa ndugu zake.

Nilikuwa na ndoo ya udongo wa shamba, niliileta kwa ajili ya maua yangu. Nikaanza safu ya kwenye uzio. Konzi moja kila bidoni, naifukia vizuri isionekane. Nilipofika ya kumi na nne nikasikia wanakwaya wanarudi barabarani. Nikaficha ndoo, nikanawa. Nilijisikia vizuri, nawaambia kweli. Nilikula kwa hamu siku hiyo.

Siku ya kumi na sita tangu Jumapili ile, saa sita mchana, nyanya ya kwanza ililala. Jioni ikainuka kidogo, kesho yake ikalala moja kwa moja. Zikafuata nyingine. Siku bwana Pontiani alipofika pamoja na Mama Généreuse, zilikuwa zimelala kumi.

Agronomu aliinama kwenye zile zilizolala. Alikata shina moja kwa wembe, akaomba glasi ya maji safi, akalining'iniza lile shina ndani. Tulisimama tunaangalia. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, polepole, kama maziwa.

"Mnyauko," akasema. "Ule ule wa shambani. Huu unatoka kwenye udongo, madmazeli. Na uliniambia hakuna udongo humu."

"Hakuna," Ineza alisema.

"Basi huu umeingia kwa njia gani? Mimi naandika ripoti. Niandike nini?"

Ineza alitazama bidoni zake. "Andika kwamba nimeshindwa. Labda rundo halikupata moto wa kutosha. Nitaumwaga mchanganyiko wote." Akainama akashika bidoni ya kwanza.

Niliona ile mikono yake iliyochubuka kwa kugeuza makapi wiki nane. Nikaona nikinyamaza atalala na kosa langu kichwani maisha yake yote.

"Iache," nikasema. "Udongo niliutia mimi."

Wote wakageuka.

"Weye?" Mama Généreuse akasema. "Uliutia juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Niliihurumia. Nikaipa konzi moja moja ya Kizuka."

Yule mama alicheka mpaka akashika uzio. "Yesu wangu! Anahurumia nyanya!" Agronomu hakucheka. Ineza naye hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Ngapi, Mama?"

"Kumi na nne. Safu yote ya uzio, na nne za safu ya pili."

Walikwenda bidoni moja baada ya nyingine, Pontiani akifukua kwa kidole. Kwenye kila moja niliyoitaja alitoa udongo mwekundu. Tisa kati ya hizo zilikuwa zimenyauka. Nyanya ya kumi iliyolala ilikuwa kwenye bidoni ya kumi na tano, na humo hakupata udongo.

"Na hii?" Ineza akaniuliza.

Nilifikiri. "Hiyo niliiegemea nikashindilia mche, sijanawa mikono."

Pontiani akasimama, akafuta kidole. Zile ishirini na tano nyingine zilikuwa zimesimama kwenye jua la saa sita, majani yamenyooka, na maua yake ya njano. "Madamu," akaniambia, "umeniandikia ripoti yangu. Palipoguswa na udongo kuna ugonjwa. Pasipoguswa hakuna. Huyu binti mchanganyiko wake ni mzima."

Ineza alizitoa zote kumi na tano, akachoma miche, akamwaga mchanganyiko wake shimoni mbali na nyumba, akaosha bidoni kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia. Siku mbili hakusema nami isipokuwa kuniuliza chumvi iko wapi. Siku ya tatu aliniita uani: "Mama, njoo uone." Nyanya ya kwanza ilikuwa imeshika, ndogo kama kokwa. Baadaye zilishika zote ishirini na tano, na mimi niliita majirani hadi wakachoka kuitwa. Kuna aliyekuja mara tatu. Nilimwonesha mara tatu.

Leo sere ya asosiasio ina bidoni mia mbili na kumi, na hakuna hata moja iliyolala. Watu wa Kabonga wamemwomba Ineza akawafundishe, na wale wa Magara wanangoja zamu yao. Mtoto wangu! Akiongea pale mbele, wanaume wazima wanaandika.

Mimi alinipa kazi ya mlangoni pa sere. Kuna beseni la maji ya javeli, kila anayeingia anaosha viatu na mikono, na akija na jembe linabaki nje. Wiki iliyopita Mama Généreuse alifika mbio kutoka shambani, matope mpaka kwenye vifundo.

"Mama Ineza, niache nipite, mimi ni rais."

"Rais aoshe miguu."

"Weye ndiye unaniambia mimi? Weye?"

"Ndiyo, mimi. Na katikati ya vidole pia."

Aliosha. Nilimsimamia mpaka akamaliza, ndipo nikamfungulia.