Unsi Ndani ya Nyumba

Kaa dogo liliruka kutoka kwenye chetezo cha kufukizia unsi, ule uvumba wa Kisomali, likatua kwenye sakafu ya mbao ambayo Abdiwahid aliiagiza kutoka Mombasa, na vanishi ikababuka mahali padogo kama ukucha. Wanaume wengine wa Garissa hulilia ngamia. Yeye alililia mbao.

"Kuanzia leo utafukiza nje, huko kwenye zizi la mbuzi," alimwambia mkewe, kisha akaondoka kwenda Wajir kikazi.

Idil alihisi damu ikimchemka. Mama yake alifukiza kila jioni ndani ya kibanda cha mikeka kilichobebwa na ngamia kila walipohama, na yeye afukuzwe na ubao? Aliikwangua vanishi iliyoungua kwa wembe, polepole, akapiga msasa laini kufuata mistari ya mbao, akapangusa vumbi. Akapaka vanishi nyembamba, akangoja ikauke kabisa, akapaka tena.

Abdiwahid aliporudi, alipiga magoti akaitafuta ile alama, asiione. "Mashallah! Nani ameitengeneza?"

"Mimi." Idil aliweka sinia la mchanga palepale, juu yake akaweka chetezo, akatia unsi kwenye makaa.

"Idil! Si nilikwambia..."

"Nilikusikia, Baba Yarrow. Sakafu ikiungua, najua kuitibu. Lakini mume anayetaka nyumba yangu inuke kama duka la mbao, huyo ndiye atakayelala kwenye zizi la mbuzi."