Mpaka Ulioota Nje ya Ukuta

Mama mkwe wangu, Maman Eulalie, alikataa kiti. Alisimama nyuma ya jiko na mwavuli wake uliofungwa, akautumia kunionyesha ile safu ya vijiti nilivyopanda, ambavyo tayari vilikuwa vimetoa majani marefu.

"Nani alipanda hizi?"

"Ni mimi, Maman."

"Basi mulishagawana parcelle, hiki kiwanja? Huku kwa bwana, kule kwa bibi?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Nyumba ile ya mtaa wa Nyalukemba ilikuwa ya Mbelgiji, kabla serikali haijawagawia wenyeji mali za wageni. Mume wangu, Mushagalusa, alikuwa mmoja wa waliobahatika. Alipata nyumba, ukuta uliopandwa chupa zilizovunjika juu yake, na geti ambalo ufunguo wake alilala nao. Mke wa mtu mkubwa, alisema, haonekani sokoni. Hata kijijini Mudaka, kwa mama yangu, sikuruhusiwa kwenda. Kutoka barazani niliona kipande cha ziwa, nikakichukia, kwa sababu kilikuwa kizuri na hakikunihusu.

Mbelgiji alituachia nyasi fupi na mawaridi ambayo hata nyuki waliyapita. Pembe moja nyuma ya jiko niliiacha iote ilivyotaka. Mama akanitumia vijiti vya miti ya kwetu ndani ya kikapu, chini ya matembele, pamoja na neno moja tu: panda pale unapokaa. Nikavipanda kuizunguka pembe yangu, na katikati nikaweka maua ya porini, mekundu. Mvua zilipokuja, chozi wakaja, wale ndege wadogo wanaong'aa, wakawa wanayanyonya. Wakaja vyura. Akaja kinyonga, ambaye mwanzoni nilimwogopa, kisha nikawa namngoja kila asubuhi. Nilikuwa na furaha pale, na pale tu.

Mimi nililelewa mjini na masista. Nilijua kufuma na kuimba misa. Sikujua kwamba miti ile, kwetu Bushi, hupandwa pale shamba la mtu linapoishia na la mwingine linapoanzia. Kijijini hilo hata mtoto hafundishwi, analiona tu.

Jioni ile, mama yake alipokwisha kumwambia, Mushagalusa hakupaza sauti. Alivua abacost yake, lile koti la wakubwa, akaitundika mlangoni.

"Uliniwekea mipaka mu nyumba yangu?"

"Sikujua, Papa. Nilitaka tu tundege tukuwe na fasi."

"Fasi yao iko inje."

Aling'oa mwenyewe, akavirusha vijiti vyote juu ya ukuta, kwenye mteremko wa ziwa. Maua akayafyeka, nayo akayatupa huko. Kinyonga alibaki kwenye udongo mtupu, akienda kwa ule mwendo wake usio na haraka, nami nikalia kwa hasira.

Ilipita miaka kabla mama hajakubaliwa kunitembelea. Tukiwa jikoni nikamwuliza kwa nini hakunionya juu ya miti ile.

"Nilijua ni miti gani nilikata," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Nilitoka, nikapanda juu ya pipa la maji, nikachungulia kati ya chupa. Miti ile haifi kwa kutupwa. Ilikuwa imeota palepale ilipoangukia, kuufuata ukuta, mirefu kuliko mimi. Na chini yake maua mekundu, na chozi humo.

Mpaka wangu ulikuwepo. Mimi ndiye niliyebaki upande wa Mushagalusa.

Nikashuka polepole. Alikuwa karibu kurudi, na viazi vilikuwa bado havijawekwa motoni.