Mluzi wa Mama Kinamasini

Jana niliwahi kulala kwa sababu ya baridi, na ndotoni nikajikuta kwenye lango la hifadhi ya kinamasi kilicho juu ya kijiji chetu, nimejifunga shuka. Sikushangaa. Nilikuwa nimefuata mluzi wa marehemu mama, ule aliokuwa akiwaitia ng'ombe. Tangu tumzike nimeusahau, na jambo hilo linaniuma sana.

Kama bado upo, basi upo humo. Kinamasi kile hakiozeshi kitu.

Langoni kuna kibao: "Usisumbue wanyama. Usitoke na kitu ambacho hukuingia nacho." Chini yake ameketi chura mwenye kofia ya askari wa hifadhi.

"Shikamoo," nasema. "Nakusumbua?"

"Marahaba. Bado. Nitakwambia."

Naingia. Kinamasi kimeumuka katikati kama andazi, na kila nikikanyaga kinaguna, "Polepole bwana, ndiyo kwanza nimekunywa mvua." Napanda, nashuka upande wa pili, na hapo ni jikoni kwa mama. Mvua inanyesha humo ndani na hakuna anayejali. Nafunua chungu. Mluzi umo, mbichi kabisa, umefunikwa kwa kuvumwani, vile vijimea laini vya kinamasini. Furaha inanijaa. Nautia mdomoni.

Langoni chura kaziba njia.

"Sasa unanisumbua," anasema. "Mdomoni mna nini?"

"Mluzi wa mama," najibu kwa pembeni ya mdomo.

"Uliingia nao?"

"Leo hapana. Lakini mama alipita hapa zamani akiupiga, nami nikiwa mgongoni mwake. Tuliingia sote watatu."

"Kweli kabisa," kinamasi kinasema kutoka chini. "Na huyo mtoto alikuwa mzito."

Chura anafikiri, kisha anavua kofia. "Basi ni mali yako. Pita. Ila futa miguu, hilo tope hukuja nalo."

Nafuta miguu.

Kulikuwa kumekucha mke wangu, Tusekile, aliponitikisa.

"Baba Lusajo, mluzi gani huo unapiga usingizini?"

"Mluzi gani?"

"Mie najuaje? Muulize huyo."

Dirishani alikuwa amesimama Shughuli, ng'ombe wa mama, ambaye tangu msiba haji mpaka avutwe. Kamba aliikata mwenyewe. Nikakunja midomo, nikapuliza.

Shughuli akaitika.