Ukuta wa Bwana Geti

"Mimi na mke wangu. Wawili. Andika, uende zako," Bwana Geti alimwambia karani wa sensa.

"Wawili?" Mkunga alidakia kutoka nyuma, mikono kiunoni. "Na walioko ukutani ni panya? Asubuhi hii hii wamekuomba upunguze redio, baba. Mtaa mzima umesikia."

"Mama, hii ni nyumba yangu."

"Nani kakunyang'anya? Tunahesabu watu hapa."

Ugomvi ulikoanzia kila mtu alikujua. Mtaa ukionekana una watu chini ya mia mbili, zahanati ya Mkunga, vyumba viwili na vitanda vinne, ingefungwa na kiwanja kugeuzwa maegesho ya magari. Bwana Geti alikuwa na magari matatu. Hesabu ilitakiwa ifike ofisini kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa inakaribia saa tano, na karani alikuwa na watu thelathini na wanane, Bwana Geti na mkewe wakiwemo.

Miaka minne nyuma Bwana Geti alinunua ile nyumba ndefu ya vyumba sita, akawatoa wapangaji, akaziba milango yao kwa matofali na kubomoa kuta za kati ili apate sebule moja. Wapangaji walipakia magodoro wakahamia nje ya mji. Vilevile walibaki ukutani.

Karani alikuwa mtu wa utaratibu. Aliingia sebuleni, akagonga plasta pale ulipokuwa mlango wa kwanza.

"Hodi?"

"Karibu. Tuko saba," ukuta ulijibu.

Akaandika saba. Waliotangulia kujibu ni watu wa kiwanda cha mikate, maana ndio waliotoka mwisho. Nyuma yao walikuwa wapangaji wa zamani zaidi: manesi, watatu chumba kimoja, wakigombania pasi ya nguo. Chini kabisa, mpaka uiname, walikuwa mafundi reli na wake zao, ambao lugha yao hakuna tena mtaani anayeijua. Hao walijihesabu kwa kugonga tofali. Bwana Geti alifuata nyuma na kitambaa, akifuta alama za vidole kwenye rangi.

Saa sita kasoro dakika kumi jumla ilifika mia moja tisini na tisa. Ukuta ukanyamaza.

"Jiandike na wewe, mwanangu," Mkunga alimnong'oneza karani.

"Mimi nakaa mtaa mwingine, mama."

Ndipo mwanamke akaguna ukutani, nyuma ya kochi. Mkunga aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Wa ngapi huyo?"

"Wa tatu," sauti ilijibu kwa tabu.

"Basi hatakawia. Nipisheni."

Bwana Geti alisogeza kochi na kukunja zulia lisichafuke. Mkunga akavaa glavu, akaingiza mikono ukutani mpaka viwikoni. Karani alishika kalamu, macho yake yakiwa kwenye saa. Zilibaki dakika nne.

"Sukuma, mwanangu. Usinikazie shingo, sukuma huku chini!"

Dakika mbili. Jasho lilimdondoka Mkunga kidevuni. Mtoto akalia.

Karani aliandika mia mbili, akapiga simu ofisini kusoma hesabu. Alisikiliza kwa muda.

"Wanauliza, hawa mia moja sitini na wawili wana milango?"

"Walikuwa nayo," Mkunga alisema.

"Mkazi ni mtu mwenye mlango, mama. Ndivyo mwongozo unavyosema."

Akachukua rula, akapiga mstari ulionyooka, akabakiza thelathini na wanane. Bwana Geti alisaini kama shahidi. Mkunga alivua glavu, akavuka barabara kwenda kukunja mashuka ya zahanati.

Bwana Geti alibaki amesimama katikati ya sebule yake. Ukutani sahani zililia, watu wakasogezeana nafasi, mtu akacheka.

"Jirani," baba wa mtoto aliita kutoka ndani, "umesimama nje mpaka lini? Vua viatu hapo, uingie tule."