Nguzo Haimwelekezi Dereva

Niliota, usiku wa kuamkia leo, nimesimama kwenye karakana ya magari ya mashindano, yale yenye magurudumu yaliyotokeza nje kama miguu ya kaa. Binti yangu Nakijwa alikuwa ameshaketi ndani ya gari, amevaa helmeti, anasubiri. Bawa la nyuma lilikuwa limelala sakafuni. Nguzo yake ilikuwa imekwenda likizo ya uzazi.

Mkaguzi alikuwa pima maji, kile kifaa cha waashi, aliyevaa tai.

"Bila bawa, gari litapaa," akasema.

"Bawa si ndilo linalorusha?"

"La ndege," bawa lenyewe likajibu kwa uchovu. "Mimi wamenifunga juu chini. Ndugu zangu wote wanaruka. Mimi kazi yangu kukandamiza."

Nikasema nitasaidia, ila niwekwe karibu na kichwa cha mwanangu. Upinde wa chuma uliokizunguka kichwa hicho ukakohoa.

"Nafasi ya kulinda kichwa imejaa, mama. Nenda nyuma."

Nikaenda nyuma, nikajitwika bawa mabegani. Pima maji akanitundikia mawe ya mizani.

"Hupindi. Vizuri. Sasa sikiliza kanuni. Nguzo haipindi, nguzo haicheki, nguzo haimwambii dereva la kufanya."

"Mimi ni mama yake."

"Hapa wewe ni nguzo. Ukitamka neno, bawa linageuka, na mtoto anaondoka na upepo."

Gari linaondoka. Njia inazunguka uwanja, kisha inapita sebuleni kwangu, kati ya kochi na televisheni. Naona vumbi chini ya kabati na siwezi kusema kitu. Upepo unanivuta mashavu hadi masikioni.

Sebule inakuwa wodi niliyomzalia Nakijwa. Wauguzi wananyanyua miguu tupite. Mbele kuna kona kali.

"Mama!" Nakijwa anapaza sauti. "Nipunguze, au niende hivi hivi?"

Nimemfundisha kula, kuvuka barabara na kuwajibu watu wenye kiburi. Jibu ninalo mdomoni.

"Mwambie tu," bawa linaninong'oneza. "Nigeuke, nikawaone ndugu zangu."

Nauma meno.

"Mama? Umeninunia?"

Nakijwa anatoa tusi ambalo sikujua analijua. Anakanyaga breki, anakata usukani, gurudumu linakwaruza ukuta wa wodi, tunatokea upande wa pili. Magurudumu yote yako chini.

"Ulitaka kumwambia nini?" upinde unaniuliza mbio zinapokwisha.

"Asimame kabisa. Ashuke."

"Ndiyo maana tulikuweka nyuma."

Niliamka mabega yananiuma. Hilo si ushahidi, godoro letu limechoka. Nikaenda jikoni. Nakijwa alikuwa mezani, tayari kwa kazi, anachovya chapati kwenye chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Uso wake ulikuwa mweusi kwa unga wa mpira wa magurudumu, isipokuwa ukanda safi kuzunguka macho, mpana kama kidirisha cha helmeti.

Nilitaka kumwambia akanawe kabla hajatoka. Nikavuta kiti, nikajimiminia chai.