Kombaini ya Baba Fabiola

Mume wangu Hermani hana sikio la muziki. Nalisema wazi, na yeye ameshaambiwa na wengi, ila haamini.

Alipokuja kunichumbia kwetu Gehandu alibeba gitaa alilojitengenezea kwa mbao za kreti, nyuzi zake nyaya za breki za baiskeli. Alimwamkia baba yangu, akaketi, akaimba nyimbo tatu. Ya kwanza ilinisifu mimi, ya pili ilisifu ngano, ya tatu ilimsifu msimamizi wake. Zote tuni moja. Baba alinisogelea akasema, "Justina, angalau ana kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali, huku Basotu. Jioni za mavuno wenzake walizima mashine wakaenda kunawa. Yeye aliiacha yake ingurume pale pale, akaegemea tairi, akakaza uzi mnene mpaka ulie sawa na injini. Nyuzi nyingine zilifuata huo. Basili, mwalimu wa kwaya, aliwahi kumwita kanisani ajaribu kukaza nyuzi kwa kufuata kinanda. Hermani alirudi amenuna.

"Kinanda chao kibovu," akaniambia.

Mimi nilikuwa nampelekea chai, nangoja amalize huku nafuma kitambaa. Akiniuliza wimbo umeendaje, namjibu, "Sikuwa nasikiliza." Miaka yote jibu langu lilikuwa hilo, na miaka yote aliuliza.

Kisha mashamba yakafa. Mashine zikabaki uani mwa shamba zinaota kutu, watu wakanyofoa walichoweza. Hermani akarudi kulima mahindi yetu, gitaa likaning'inia ukutani.

Binti yetu Fabiola alipopata mchumba, aliomba kitu kimoja tu: siku ya kumuaga, baba yake amwimbie. Baba mtu akakubali kwa mbwembwe. Wiki ya sherehe akachukua gitaa, akaenda uani kwenye kombaini yake. Alirudi, akaliegemeza gitaa mlangoni.

"Wameng'oa injini," akasema. "Nitakazia wapi?"

Nimemcheka mume wangu kwa mengi, lakini siku hiyo nilishindwa. Roho iliniuma.

Siku ikafika. Wakwe wamejaa, mshereheshaji akamwita baba mzazi. Hermani akasimama na gitaa lake la kreti, akakaza uzi, akalegeza, akakaza tena. Jasho likamtoka. Alipojaribu kuimba, sauti ikaenda huku na nyuzi kule. Wakwe wakatazamana. Fabiola akainamisha kichwa, na mtandio wake ukaanza kutetemeka.

Nikainuka. Nikamwendea Hermani, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikanguruma. Nilinguruma kutoka tumboni kama ile mashine, na kile kikohozi chake cha kwanza kabla haijatulia.

Akanigeukia macho yamemtoka. "Mama Fabiola, si ulikuwa husikilizi?"

"Kaza uzi, baba. Watu wanangoja."

Akakaza. Akaimba ule wimbo wa msimamizi, jina la msimamizi kaliondoa, kaweka la Fabiola. Tuni ile ile. Mtoto akalia, mama mkwe wake akalia, na mimi nikalia, nisidanganye.

Sasa kila jioni, mahindi yakishapukuchuliwa, anatoa kiti nje na gitaa mapajani.

"Mama Fabiola," ananiita, "washa."

Naweka kitambaa chini, nawasha.